Kula Bata wa Desemba Si Lelemama

Wa Majengo mpo? Pasua, Njoro, Soweto, Kiboriloni, hadi wale wa Shanty Town mnaojifanya hamsomi safu hii huku mnalificha gazeti chini ya kiti cha gari? Karibuni barazani.

Kila mtu anajua kwamba ikifika Desemba Dar inahamia Moshi. Magari yanapanda Marangu, Kibosho, Machame na Rombo yamejaa magunia ya mchele, soda na watoto wasiojua kusalimia. Mbuzi wanalia, mbege inachacha, shangazi anauliza utaoa lini. Siku ya tatu baada ya Krismasi nyama ya mbuzi imeshawachosha watu, stori zimeisha, na hapo ndipo lazima atokee mtaalamu mmoja aseme: "Wazee, twendeni tambarare tukapige bata!"

Hapo ndipo msemo wa kula bata unapoacha kuwa msemo wa starehe na kugeuka kazi ya kweli.

Basi bwana, wanashuka na magari mawili, watu 11, muziki juu, fulana nyeupe za kampeni kifuani, mmoja kabeba bunduki ya mjomba. Wanafika majini saa moja na nusu asubuhi, jua limeshatoka, milango ya gari inafungwa pa! pa! pa! Bata wanainuka wote kwa pamoja wakiwa mbali kama mita 200, wanazunguka mara moja juu kwa juu kama wanaaga, halafu wanaingia mitini. Saa nne jamaa wamerudi mikono mitupu, wameumwa na mbu, viatu vimejaa tope. Wakiulizwa wanajibu kwa mkato: "Bata wameisha."

Thubutu! Bata hawajaisha. Bata wa Desemba amesoma, huyo. Amehitimu na cheti anacho.

BATA ALIYEHITIMU

Hebu simama pale stendi ya Moshi umtazame abiria. Yule anayeshuka basi kwa mara ya kwanza, mpiga debe akimwambia "hili ndilo linaondoka sasa hivi", anapanda na kukaa saa mbili akitoka jasho. Mwenyeji je? Mwenyeji hata hageuki. Anaangalia kwanza kama injini inanguruma, kama dereva yuko kwenye usukani, na kama wale abiria waliokaa ndani ni abiria kweli au ni washikaji wa konda waliopangwa kuzugia watu.

Bata naye ni hivyo hivyo. Msimu wa uwindaji nchini kwetu hufunguliwa Julai 1. Mwezi wa saba na wa nane bata bado mshamba. Wamo vijana waliototolewa mvua zilizopita, hawajawahi kusikia mlio wa baruti, ukijificha nyuma ya kichaka chochote wanakuja. Ikifika Desemba wale wepesi wa kuamini wameshaliwa. Waliobaki angani ndio wenye mashaka, na mashaka hayo ndiyo yaliyowaweka hai.

Juu ya hao kuna wageni. Kuanzia Oktoba na Novemba tunapokea bata wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia: yule mwenye mkia uliochongoka, yule mwenye mdomo kama koleo, na yule mdogo ambaye dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho. Watakaa nasi mpaka Machi au Aprili ndipo warudi kwao. Usiwaone wageni ukadhani ni washamba. Hao wamepita nchi ambazo uwindaji wa bata ni mchezo wa watu wengi. Wameona vibanda vya kuvizia, wamesikia filimbi za kila aina. Ukiwaletea usanii wa kitoto wanakucheka.

Halafu kuna suala la macho. Macho ya bata yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima bila kugeuza shingo. Rangi anaziona, na anaona hata ile mianga ya zambarau kali ambayo jicho la binadamu haliioni. Kwa hiyo fulana yako iliyofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha, kwake ni taa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la Nature kwamba bata wakilala kwa mstari, wale wa pembeni hulala jicho moja likiwa wazi, na jicho hilo hutazama upande wa nje, kule ambako adui anaweza kutokea. Nusu ya ubongo inalala, nusu ipo lindo. Sasa mtu wa namna hiyo wewe unamwendea na muziki wa gari?

MVUA IMEBADILISHA RAMANI

Kosa la kwanza la watu wa Desemba ni kwenda pale pale walipopata bata mwezi wa nane. Julai mpaka Oktoba ni kiangazi. Maji ya kudumu ni machache, kwa hiyo bata wanabanana: Bwawa la Nyumba ya Mungu, Ziwa Jipe, mifereji, na majaruba ya mpunga. Nyumba ya Mungu, kwa wasiojua, ni bwawa lililojengwa miaka ya 1960 kusini mwa Moshi, mahali Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, na linaendesha mitambo ya umeme ya megawati 8. Maji yake kwa sehemu kubwa yanatokana na mlima huu huu tunaouringia, pamoja na ndugu yake Meru.

Vuli ikinyesha Novemba, mambo yanabadilika. Kila bonde linajaa maji, kila shimo la kokoto linakuwa bwawa dogo. Bata waliokuwa 500 mahali pamoja wanagawanyika 10 hapa, 6 kule. Ukienda pale pa zamani unakuta maji matupu na korongo mmoja anakushangaa.

Kwa hiyo mbinu ya kwanza ya mwisho wa msimu haina bunduki hata kidogo, ni upelelezi. Nenda siku moja kabla, jioni, mtu mmoja au wawili, kwa miguu au baiskeli. Tazama wanatoka wapi, wanaelekea wapi, saa ngapi, na kwa kimo gani. Asubuhi rudi tena utazame kinyume chake. Bata ni mtu wa ratiba. Ana mahali pa kulala, ana mahali pa kula, na katikati ana njia.

Na uulize watu. Kule chini kuna mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani: Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni, Oria. Watu wanaoamia mpunga pale wanawajua ndege kuliko kitabu. Ila ufike kwa adabu. Usishushe kioo cha gari na kumwita mtu mzima "oyaa". Shuka, toa shikamoo, usubiri marahaba.

"Shikamoo mama. Pole na shamba."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Hapana mama, nauliza hawa bata, huwa wanashukia wapi?"

"Hawa wa mluzi? Usiku wote wako kwenye majaruba wanakula. Mchana hutawaona hapa, wanakwenda kulala kule kwenye matete."

Mshikaji, hapo umepata elimu ambayo duka la silaha haliuzi. Maana ni kweli, bata wa mluzi, wale wenye uso mweupe wanaolia kama mtoto anayejifunza kupiga mbinja, ni walaji wa usiku. Mchana wanasinzia. Ukimtafuta saa sita mchana kwenye mpunga unatafuta mlinzi wa usiku kazini wakati yeye yuko kwake anakoroma.

Jambo lingine: usiwapige mahali pa kulala. Bata wakivurugwa chumbani wanahama kabisa, na wewe na wenzako mtabaki mnatazamana mpaka msimu ujao. Wawindaji wazoefu wanapaacha pale pa kulala kama nyumba ya ibada, na kukaa kwenye njia.

TUNDU BOVU

Wahenga walisema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Watu wengi wanautumia msemo huu kumcheka mjanja aliyekwaa kisiki, lakini mimi naona ndani yake mna ufundi. Mtego uliopambwa sana, ndege mjanja ameshauona mara 20. Ule hafifu, usio na mbwembwe, ndio unaompita machoni. Mwisho wa msimu usiongeze vitu. Punguza.

Punguza watu. Wawili wanatosha, watatu ni mkutano, 11 ni harusi. Gari liachwe mbali, mkaguse majani kwa miguu yenu kabla hakujapambazuka.

Punguza mng'aro. Nguo za rangi ya majani makavu na udongo. Saa ya mkononi itolewe, simu izimwe na kuingia mfukoni. Na uso, jamani, uso! Kitu kinachomkimbiza bata kuliko vyote ni nyuso za watu zikitazama juu, maana ngozi yenye jasho inarudisha mwanga. Vaa kofia yenye ukingo, inamisha kichwa, tazama kwa pembe ya jicho. Usijenge kibanda kipya kinachoonekana kama kioski kilichoangukia katikati ya uwanja. Tumia matete na majani ya pale pale, yasiyozidi urefu wa yale ya jirani, na ukae kwenye kivuli.

Punguza bata wa bandia. Kuweka bata wa bandia majini ni mbinu ya kale mno. Mwaka 1924 katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada huko Marekani, walichimbuliwa bata bandia waliosukwa kwa matete, wenye umri wa karibu miaka 2,000. Matete! Na sisi tunayo ya kuezekea. Mwanzo wa msimu unaweza kuwapanga 30 na wakaja. Desemba weka wanne, watano basi, na uwaachanishe kama familia iliyotulia, siyo kama gwaride la Mei Mosi. Na wasiwe wamekaa kama sanamu. Funga kamba mmoja, uvute kidogo kidogo maji yatikisike. Bata akiona maji yametulia kabisa chini ya wenzake, anajua wale ni wale abiria wa kupangwa.

Punguza kelele. Jamaa akishapewa filimbi ya kuita bata anageuka tarumbeta la bendi. Bata aliyeitwa tangu Julai akisikia filimbi anajua ni mtu. Kaa kimya. Ukiweza kuiga mluzi wa wale wenye uso mweupe, upige mara moja, tena wakiwa wanakuacha na kwenda zao. Wakiwa wanakuja, funga mdomo. Mteja anayeingia dukani mwenyewe huitiwi mpiga debe.

MGONGO KWA MLIMA

Hapa ndipo mtoto wa Moshi anapomzidi mtu wa kuja. Bata hutua akiukabili upepo, kama ndege ya abiria inavyotua uwanjani. Sasa upepo wa alfajiri huku kwetu ni upi? Usiku mlima unapoa, na ile hewa ya baridi inateremka taratibu kutoka juu kuja tambarare. Kila aliyewahi kusubiri gari saa kumi na moja alfajiri bila sweta anaijua. Ukiwa tambarare kusini mwa mji, hewa hiyo inakujia kutoka upande wa mlimani.

Kwa hiyo kaa mgongo kwa mlima. Bata wanaotoka upande wa bwawani watakuja wakiupanda upepo, uso kwa uso na wewe, mabawa yamefunguka, miguu imeshuka. Jua likishapanda na ardhi kupata moto, upepo huanza kugeuka, na wewe geuka nao. Mtu aliyekaa mahali pazuri saa kumi na mbili anaweza kuwa mahali pabaya saa tatu bila kuinua kiti. Na asubuhi ya mawingu mazito au manyunyu ndiyo asubuhi yako, kwa sababu bata huruka chini zaidi na vivuli vinapotea.

UMBALI NI UBINADAMU

Sasa tuongee mambo mazito kidogo. Bata akishakuwa mjanja anapita mbali, na bata akipita mbali mwindaji anaingiwa na tamaa. Anapita kwa mita 60, jamaa anasema "ngoja nijaribu". Hapo ndipo pabaya.

Bunduki ya marisau hairushi risasi moja. Inamwaga punje nyingi ndogo zinazotawanyika na kuchoka upesi. Ndani ya mita 30 mpaka 35, bata anakufa hapo hapo. Mbali ya hapo anachomwa punje mbili tatu tumboni, anaendelea kuruka kama hajaguswa, anakwenda kuangukia kwenye matete na kufa baada ya siku kadhaa. Wewe umepoteza risasi, yeye amepoteza uhai, na hakuna aliyekula. Kipimo changu rahisi: kama huoni jicho lake, au rangi ya mdomo wake, acha apite. Yule bata mkubwa mwenye mwiba kwenye bawa ndiye anayedanganya watu wengi, maana dume lake linaweza kufika kilo 6. Kwa ukubwa huo unamwona yuko karibu wakati yuko Same.

Na hizo punje zenyewe ni stori. Nyingi ni za risasi ya madini ya zamani, ile ile yenye sumu. Zikizama topeni, bata anazimeza akidhani ni vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi. Zinasagika, sumu inaingia kwenye damu, anadhoofika na kufa. Marekani ilipiga marufuku punje hizo kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991, na mkataba wa ndege wa majini wa Afrika, Ulaya na Asia uliotiwa saini mwaka 1995, ambao Tanzania imo, unazitaka nchi wanachama ziachane nazo kwenye maeneo ya maji. Ukipata punje za chuma, tumia hizo, na ujue zinachoka mapema zaidi, kwa hiyo sogeza bata karibu.

NJIA ZA MKATO NI KIMEO

Bata akishindikana kwa halali, ndipo washauri wabaya wanapotokea. Wa kwanza atasema twende usiku na tochi. Wa pili atasema tumpigie kwenye gari. Wa tatu, mbaya kuliko wote, atanong'ona habari ya dawa ya wadudu kwenye punje za mpunga.

Msomaji wangu, hapo ingia mitini wewe badala ya bata. Kuwinda usiku, kupiga ukiwa ndani ya gari na kutumia sumu ni makosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Utaingia mwaka mpya ukiwa Karanga, na sisemi Karanga ya mtoni.

Halafu sumu haichagui. Jirani zetu wa Kenya wameliona hilo kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa nchi yao. Watu walitega konokono na mpunga uliotiwa Furadan, wakaua bata na korongo kwa wingi, wakawauza kwa ajili ya kitoweo. Fikiria hiyo! Dawa ya kuulia wadudu shambani, inapita kwa bata, inaingia sufuriani kwa mama wa watu. Kwa hiyo ukikutana barabarani na kijana anauza bata pori 15 walionyonyolewa tayari, hawana hata tundu moja la punje, usiulize bei. Kaza mwendo.

Na leseni je? Usianze na bunduki, anza na ofisi ya wanyamapori. Uliza kama msimu huo vibali vya wenyeji vinatolewa, ni ndege gani wanaoruhusiwa, wangapi, eneo gani na mwisho lini. Bunduki ya mjomba ni ya mjomba, jina lake ndilo liko kwenye kibali. Chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015 kukutwa nayo peke yako bila kibali si utani wa sikukuu. Na huko juu mlimani usipeleke hata manati. Hifadhi ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu unaouzunguka mlima ukaunganishwa nayo. Ukipanda huko na kumkuta yule bata mweusi wa mito ya milimani akipambana na maji ya kasi, mle kwa macho tu.

MAMA ANA WATOTO

Kuna jambo moja ambalo mwindaji wa mwezi wa nane halimsumbui sana lakini wa Desemba lazima alijue. Mvua zikianza, bata wetu wa hapa hapa wengi wanaanza kupanga familia. Yule dume mwenye nundu juu ya mdomo anatafuta jike, na jike linatafuta pango kwenye mti mkubwa litage humo. Wa mluzi nao, baba na mama, wanalea pamoja.

Kwa hiyo ukiona wawili wanazunguka mahali pale pale hawataki kwenda mbali, au mmoja anajikokota majini kama bawa limevunjika huku anakutazama kwa pembeni, usishangilie kwamba umepata wa bure. Anakuzuga huyo. Nyuma yake kwenye majani kuna vifaranga, na anakuvuta uwaache. Mheshimu, rudi nyuma. Ukiua wawili hao umeua na wale wanane ambao ungewakuta mwakani wakiwa washamba wa Julai. Vivyo hivyo bata aliyenyonyoka manyoya ya mabawa. Baada ya kuzaa bata hupukutisha manyoya ya kurukia yote kwa mpigo, na kwa wiki kadhaa hawezi kuruka. Kumpiga huyo ni sawa na kumkaba mtu aliyefungwa kamba.

USIYE NA BUNDUKI

Najua wengi wenu bunduki mnaiona kwa mlinzi wa benki tu. Msione nimewasahau. Kila nilichosema hapo juu kinafanya kazi kwa darubini na kwa kamera ya simu, tena kwa wenye kamera kazi ni ngumu zaidi, maana mita 35 kwa simu ni mbali. Amka mapema, kaa mgongo kwa mlima, kofia chini, mdomo umefungwa. Mpeleke na binti uliyemwahidi "kula bata", umwoneshe bata 60 wa mluzi wakishuka alfajiri huku Kibo nyuma yenu inageuka rangi ya waridi. Akilala usingizi, basi jua huyo si wako.

JIKONI

Ukifanikiwa kwa halali, usimpike bata pori kama kuku wa kisasa. Hana mafuta, misuli yake imeruka toka huko. Mchinje na kumnyonyoa upesi, mlaze na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, mchemshe taratibu mpaka uma upite bila kuombwa, ndipo umuunganishe na ndizi. Tafuna polepole, maana punje moja iliyobaki nyamani inatosha kukuondolea jino la mbele sikukuu hii.

Na ukirudi mikono mitupu? Hakuna soo. Mwindaji wa Julai anapimwa kwa alichobeba. Wa Desemba anapimwa kwa alichoacha kipite: yule wa mita 60, yule wa usiku, yule mwenye watoto. Mwambie shangazi bata walikuwepo, ila hawakukubali, na yeye akikuuliza tena utaoa lini mpe jibu hilo hilo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Mbuzi waliobaki wasalimieni.